Hivi kuna faida kuifundisha kompyuta sarufi kwenye kuchambua matini, au tunajichosha?

Kipimajoto (mwanzisha uzi)
Wakuu habari zenu. Niende moja kwa moja. Nina kazi ya kuchambua maoni ya wateja, jumbe kama elfu nne hivi, zote Kiswahili, natakiwa nitenganishe sifa na lawama. Nikafanya ile njia ya kawaida, unakata sentensi kila penye nafasi, unatupa vineno vidogo vidogo (na, ya, si, kwa, kama, hii, hapa), yaliyobaki unayahesabu, halafu modeli (programu inayojifunza kwa mifano) inajifunza yapi yanaendana na sifa na yapi na lawama. Kwa juu juu matokeo yalipendeza. Jana nikasema ngoja nisome kwa macho yangu ujumbe mmoja mmoja, ndo nikachoka. Angalieni hizi:

"Sijawahi kuona huduma nzuri kama hii."
"Sijawahi kuona huduma nzuri hapa."

Wa kwanza anamwaga sifa, wa pili analia. Baada ya kutupa vile vineno zote mbili zinabaki sijawahi, kuona, huduma, nzuri. Kwa mashine ni sentensi ileile. Nyingine "huduma haikuwa mbaya" imetupwa kwenye lawama kwa sababu ya mbaya, na "si mbaya" ndo kabisa, maana hiyo "si" niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Swali langu, kuna mtu humu ameshaipa mashine sarufi yenyewe, yaani ijue kiima ni kipi, kikanushi kimekaa wapi, kirejeshi kinarudi kwa nani, akaona tofauti ya maana? Au niongeze tu data?

tokeni_moja
Ongeza data mkuu. Toka word2vec itoke 2013, zikaja transfoma 2017, BERT 2018, yaani mashine zinazojifunza lugha zenyewe kwa kusoma matini nyingi, watu waliacha kuchora miti ya sarufi (michoro ya jinsi maneno ya sentensi yanavyotegemeana). Hata zamani yule Jelinek wa IBM aliyekuwa anaifundisha kompyuta kutambua usemi alisema kila akimfukuza mwanaisimu mmoja mfumo unakuwa bora. Sentensi zako mbili hizo modeli kubwa inaziona bila kuambiwa kikanushi ni nini.

Mwl_Kirejeshi
Kijana hapo juu, hayo maneno ya Jelinek yananukuliwa kwa namna nyingi sana na kila mtu ana toleo lake. Huyohuyo mwaka 2004 alitoa mhadhara ambao kichwa chake kinasema baadhi ya rafiki zake wa karibu ni wanaisimu. Halafu tusisahau alikuwa anashughulika na Kiingereza, lugha ambayo neno halibebi mambo mengi.

Chukua neno "asiyenipigia". Kwenye kibodi ni neno moja. Ukilifungua unakuta a- ya nafsi, -si- ya kukanusha, -ye- kirejeshi, -ni- yambwa (anayetendewa), -pig- mzizi, -i- ya kutendea, na -a kiishio. Vipande saba! Hiyo ni habari nzima ya mtu, tendo, anayetendewa na kwamba tendo halifanyiki. Sasa wewe ukilihesabu kama neno moja kama unavyohesabu "meza", umeyafunika yote hayo kwa kitambaa kimoja. Kwetu sarufi haiko baina ya maneno tu, iko ndani ya neno. Anayeuliza kama sarufi ina faida anauliza kama inafaa kulifungua neno.

bintihesabu
Mwalimu umenifurahisha. Hebu tuweke hesabu. Kitenzi "piga" tu, nafsi 6, njeo nne (na, li, ta, me), yambwa 6. 6 × 4 × 6 ni maumbo 144, na hapo sijagusa ukanushi. Ukihesabu kila umbo kama neno lake unahitaji data ya ajabu ili kila moja likutokee mara za kutosha.

pwani_huru
@bintihesabu hesabu yako haijakaa sawa. Umesahau sentensi isiyo na yambwa (ninapiga), umesahau -ji- (ninajipiga). Pia "ninanipiga", "unakupiga" na "tunatupiga" hakuna anayesema. Na -wa- ni moja kwa nyinyi na kwa wao. Kwahiyo yambwa ni ni, ku, m, tu, wa, ji na kutokuwepo, jumla 7. 6 × 4 × 7 ni 168, toa 12 zisizosemeka, zinabaki 156.

bintihesabu
Asante, nakubali, 156. Ila ona ulichokifukua hapo, "ninawaona" ni nyinyi au wao? Mashine ikilifungua neno vizuri kabisa bado haijui.

pwani_huru
Hata mimi ukinitumia ujumbe huo sijui.

mchimba_matini
Naomba nieleze yaliyonikuta maana naona watu wanadhani kulifungua neno ni kazi ya mchana mmoja. Niliwahi kuandika stema yangu, yaani programu ya kukata viambishi ibaki na shina la neno. Ile ya Porter ya 1980 inakata mikia ya maneno ya Kiingereza, mimi nikasema Kiswahili kina vichwa basi nakata vichwa, ki- vi- m- wa- a- u- na kadhalika, kikionekana mwanzoni kinaondoka. Nilikuwa nachambua insha za wanafunzi kuhusu usomaji. Nikaiendesha usiku, asubuhi nakuta neno linaloongoza insha nzima ni "tabu". Nikashangaa hawa watoto wanateseka kiasi hiki kusoma? Nikaandika hadi aya ya ripoti. Kumbe "kitabu" na "vitabu" vyote vimekatwa vikawa "tabu"! Na zile "tabu" za kweli zimo humohumo zimechanganyikana, huwezi kuzitenganisha tena. "Wakati" ikawa "kati", "alama" ikawa "lama", mtoto anaitwa Amina akawa "mina".

Na cha ajabu stema haikukosea sana kisarufi, maana wasemaji wenyewe walilichukua neno la Kiarabu wakalitia kwenye ngeli ya ki-vi wakapata vitabu. Kosa ni kwamba mimi sikuwa na kamusi nyuma yake. Sarufi bila kamusi inakata mpaka mfupa.

Mwl_Kirejeshi
@mchimba_matini ahsante sana kwa mfano huo. Ndiyo maana waliofanya kazi hii kwa muda mrefu walianza na kamusi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ameijenga SALAMA, mfumo wa kompyuta wa kuchambua Kiswahili, tangu miaka ya 1980, ndani yake kuna kichambuzi cha maneno kinaitwa SWATWOL kilichotumia nadharia ya ngazi mbili (neno linavyoandikwa na vipande vyake vya ndani) ya Koskenniemi ya 1983. Neno likiingia kinatoa tafsiri zote zinazowezekana, kisha kanuni zinaangalia jirani zake na kufuta zisizofaa. Hakiulizi "neno hili ni nini", kinauliza "hapa lilipokaa haliwezi kuwa nini". Hilo la kufuta badala ya kuchagua mimi nalipenda sana.

tokeni_moja
Sawa mwalimu, heshima kwao, ila ni miaka mingapi ya mikono ya watu? Siku hizi kuna njia ya vipande, BPE, ile ya Sennrich na wenzake 2016, mashine yenyewe inatafuta vipande vinavyojirudia kwenye data na kukata neno. Haihitaji kamusi wala mwalimu. Inakuta "wana", "nili", "kuwa" zinajirudia inazishika.

mchimba_matini
Nimeitumia. Inashika vinavyojirudia, sio vyenye maana, na hivyo viwili havilingani kila mara. Hiyo "asiyenipigia" ya mwalimu kwangu ilitoka asi / yen / ipi / gia. Kikanushi kimegandana na nafsi, yambwa -ni- imegawanywa katikati, "ipi" imezaliwa ambayo ni neno la kuuliza. Nikiongeza data nyingine inakata kivingine. Mahali ambapo data ni nyingi hayo yanasawazishwa na wingi, sisi wenye jumbe elfu nne ndo tunaumia.

tokeni_moja
Kwani nani kakwambia ufundishe kutoka sifuri na jumbe elfu nne? Unachukua modeli iliyokwisha kusoma lugha mia moja Kiswahili kikiwemo, XLM-R kwa mfano, halafu unainoa kwa data yako.

Kipimajoto
Naendelea kuwasoma wakuu, shukrani. @tokeni_moja hiyo nimeiweka kwenye orodha ya kujaribu.

sauti_ya_dawati
Ngoja nilete kesi ya kazini. Tulitakiwa kutafuta taarifa za watu kupigwa kwenye jumbe zinazotumwa kwenye dawati la malalamiko. Aliyetangulia kaweka utafutaji wa mzizi "pig", basi. Kila asubuhi unafungua unakuta "nimewapigia simu toka juzi", "tulipiga picha ya risiti", "wanapiga kelele usiku", "amepiga pasi shati likaungua", na katikati ya huo msitu kuna mtu kweli ameandika "amenipiga mbele ya watoto". Huyo ndo tunayemtafuta na amezikwa chini ya simu na pasi.

Tulichofanya ni kitu kidogo cha sarufi, tukaiambia programu iangalie yambwa. Kama baada ya piga kuna simu, picha, kelele, pasi, weka pembeni. Kama ndani ya kitenzi kuna -ni-, -m-, -tu-, -wa- na hakuna -i- ya kutendea, peleka juu. Haikuhitaji modeli kubwa, na watu waliopigwa walianza kuonekana siku ileile. Ndo maana nikisikia mtu anasema sarufi imepitwa na wakati nasikia vibaya kweli.

pwani_huru
Hapo umenena. Ila "amenipiga chenga" itapanda juu kabisa 😄

sauti_ya_dawati
Ilipanda. Na "amenipiga picha" pia, maana ndani kuna -ni- na baada kuna picha. Tukaongeza kanuni kwamba nomino inayofuata ina nguvu kuliko kiambishi. Kila kanuni inazaa mdogo wake.

nyuki_wa_habari
Mimi nasoma habari kwa wingi kujua nani kamfanya nani nini, na kwangu hesabu ya maneno ilikufa kwenye kauli ya kutendwa. "Meneja alimshtaki mfanyakazi" na "Meneja alishtakiwa na mfanyakazi", ukirudisha kwenye mizizi na kutupa "na" zote ni meneja, shtaki, mfanyakazi. Mshtaki na mshtakiwa wamebadilishana viti na ripoti haijui. Hiyo -w- moja na "na" moja ndo zimebeba kesi yote. Na "na" hiyo nayo ina kazi nyingi, "alishtakiwa na mfanyakazi na mkewe", mke kashtaki pamoja na mfanyakazi au kashtakiwa pamoja na meneja?

Mwl_Kirejeshi
Sasa tumefika panaponigusa. Kiswahili kina dawa ambayo lugha nyingi hazina, upatanisho wa ngeli. Someni:

"Mlango wa gari ulioharibika"
"Mlango wa gari lililoharibika"

Ya kwanza umeharibika mlango, ya pili gari. Lugha isiyo na ngeli hapo inabaki kubahatisha. Tena ngeli inatofautisha hata maana ya neno. "Kifaru amekufa" ni mnyama, "kifaru kimeharibika" ni chombo cha vita. "Ndege ametua" na "ndege imetua". Neno "ndege" peke yake halina jibu, jibu liko kwenye kitenzi, herufi moja. Mashine inayosoma upatanisho inapata maana bure, bila kuangalia aya nzima.

kibodi_chafu
Mwalimu nakuheshimu ila jumbe za watu hazijaandikwa hivyo. Mimi nasoma jumbe za mitandaoni kila siku, watu wanaandika gari yangu imeharibika, vitu mingi, ndege imetua wakimaanisha hata yule wa mabawa. Ukijenga kichambuzi kwa Kiswahili sanifu ukikileta huku kinagoma. Na "kiongozi kimesema" hakuna anayesema ila kichambuzi kikifuata ki- kitasubiri "kimesema" mpaka kesho, maana kiongozi, kijana, kipofu wote wanachukua a-.

Mwl_Kirejeshi
La kiongozi na kijana ni kweli na linajulikana, viumbe hai hufuata upatanisho wa a-wa hata kama umbo ni la ki-vi, kwa hiyo kamusi lazima iandike uhai. La gari nalo nimelisikia, lakini hebu tazama tena. "Mlango wa gari iliyoharibika". Bado unajua ni gari, kwa sababu mlango ungesema ulioharibika. Watu wamehamisha ngeli, hawajaiua. Nguvu ya kutofautisha imebaki.

kibodi_chafu
Duh, hilo sikuwa nimeliona. Kwahiyo ningeruhusu gari ichukue li- au i- na kazi inaendelea. Naenda kujaribu leo.

bintihesabu
Lakini mwalimu dawa yako inaisha nguvu ngeli zikifanana. "Mwalimu wa mtoto aliyeanguka." Kaanguka nani? Wote a-. Na "amepanda mti", kaukwea au kaupanda shambani? Vitenzi vyote viwili vinachukua yambwa, mti uleule, mnyambuliko uleule. Hapo hakuna mti wa sarufi utakaokusaidia.

Mwl_Kirejeshi
Hapo sikatai.

tokeni_moja
Ndo maana nasema muktadha, na muktadha ni data. "Amepanda mti kuchungulia" na "amepanda mti wa kivuli", modeli iliyosoma sana inatofautisha. Halafu kuna hili, 2019 Hewitt na Manning walionyesha kwamba ukizipima namba za ndani za BERT kwa namna fulani unaweza kuutoa mti wa sarufi wa sentensi, japo hakuna aliyeifundisha mti. Maana yake sarufi imo, imejifunza yenyewe kwa kusoma. Nyie mnataka kumpa chakula aliyeshiba.

mchimba_matini
Matokeo hayo ni ya Kiingereza na modeli iliyolishwa Kiingereza kwa wingi mno. Na kuwa mti unaweza kutolewa humo ndani sio sawa na kusema modeli inautumia inapoamua sifa au lawama, hayo ni maswali mawili. Mtu anaweza kuwa na ngazi ndani ya nyumba na bado anapanda ukuta.

tokeni_moja
Sio sawa, nakubali. Ila nawe thibitisha kwamba haiutumii.

nyuki_wa_habari
Nirudi kwa mwanzisha uzi kidogo, hivi vineno unavyotupa ni vya kuheshimu. Kuna kazi maarufu ya Mosteller na Wallace, 1964, walitaka kujua nani kaandika makala 12 za Federalist (makala za zamani za kutetea katiba ya Marekani) zilizokuwa na utata kati ya wanasiasa wawili, Hamilton na Madison. Hawakuangalia maneno makubwa ya siasa, maana wote wawili waliandika siasa ileile. Waliangalia vineno vidogo vya kisarufi, mfano neno la Kiingereza upon, Hamilton analitumia sana na Madison kwa nadra mno. Jibu likaegemea kwa Madison. Yaani walichotegemea ni vilevile ambavyo sisi tunaanza kazi kwa kuvifuta.

Nami nimejaribu kwa Kiswahili, maandishi ya watu wawili wa ofisi moja, mada zilezile. Kilichowatenganisha ni kirejeshi, mmoja kila mara "ambaye, ambacho, ambayo", mwingine anakitia ndani ya kitenzi, "aliyekuja, kilichobaki". Ukikata kwa nafasi tu, wa pili hauoni alama yake hata kidogo.

kibodi_chafu
Mimi ni wa ambayo, mnikamate 😄

sauti_ya_dawati
Swali la kweli ni nani ataweka alama kwenye hizo sentensi? Universal Dependencies, mradi wa kukusanya sentensi zenye alama za sarufi, ilianza 2014 na sasa ina lugha zaidi ya mia, kila sentensi imeandikwa neno gani linalitegemea lipi. Kwa Kiswahili De Pauw, de Schryver na Wagacha walishatengeneza kitambuzi cha aina za maneno 2006 kwa kutumia matini ya Helsinki, na kina Masakhane, kundi la watafiti wa lugha za Kiafrika kwenye kompyuta, wameleta data ya majina 2021 na ya aina za maneno 2023. Ila hizo nyingi ni lugha ya magazeti. Ujumbe wa mteja mwenye hasira hauandikwi kama gazeti.

Mwl_Kirejeshi
Mimi niko tayari kukaa na sentensi mia tano za jumbe za kawaida na kuweka alama kwa mkono. Nasema kweli. Anayetaka tushirikiane aniandikie.

bintihesabu
Niwekee mia moja kati ya hizo mwalimu.

Kipimajoto
Wakuu nimerudi. Nimefanya hivi: nimerudisha "si" na wenzake, na kila kitenzi nimekipitisha kwenye kanuni, kikianza na ha-, si-, hu- ya nafsi ya pili au kikiwa na -si- kabla ya mzizi nakiwekea alama ya KANUSHI. "Haikuwa mbaya" na "si mbaya" zimehama kutoka lawama. Zile za "sijawahi" bado hazijatengana, maana zote zina KANUSHI, tofauti iko kwenye "kama hii" na hiyo inataka mashine ijue ukanushi umefika wapi na umeishia wapi. Modeli ya @tokeni_moja nayo nimeijaribu, imezitenganisha, ila "haikuwa mbaya" mbili kati ya tatu bado inaziita lawama na haiwezi kuniambia kwanini.

Sasa nimekwama kwingine. Mmoja ameandika "mhudumu wenu hujibu haraka". Mwingine "hujibu ujumbe". Zote nimezipa KANUSHI.

pwani_huru
Ya kwanza ni hu- ya mazoea, anajibu kila siku. Ya pili ni hu- ya wewe, haujibu.

Kipimajoto
Mimi najua mkuu, mashine itajuaje? Kwa "husoma" na "husomi" irabu ya mwisho inanisaidia, a ni mazoea, i ni kukanusha. "Jibu" haibadiliki mwisho.

Mwl_Kirejeshi
Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ndivyo vilivyo, jibu, fikiri, sahau, rudi, kubali, kiishio kinabaki palepale. Kwa hiyo angalia kiima. "Mhudumu hujibu", kiima kipo na ni nafsi ya tatu, na nafsi ya tatu ikikanusha ingekuwa "hajibu". Basi ni mazoea, hakuna njia nyingine. Ndiyo ile kazi ya kufuta niliyoisema. Isiyo na kiima, tazama ujumbe uliotangulia kama alikuwa anamsemesha mtu.

Kipimajoto
Mwalimu hiyo nimeiandika sasa hivi na imeshika zote zenye kiima isipokuwa huu mmoja, naunakili kama ulivyo bila nukta wala nini: "wewe hujibu haraka kama yule mwingine"

bintihesabu
Aisee. Yule mwingine anajibu haraka au hajibu haraka?

Kipimajoto
Hajasema. Na hakuna ujumbe mwingine kutoka kwake.